Kijani Kinywani mwa Volkano

Hotuba hii niliitoa jijini Arusha mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na sita wa mchepuo wa sayansi, walimu wao na wazazi. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale waliotaka kuja wakashindwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi wetu, na ninyi wanafunzi ambao siku hii ni yenu: nawasalimu nyote. Mlionizidi umri, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Naomba niinue chupa hii. Mlio nyuma simameni kidogo muione. Imetoka kwenye kabati la maabara yenu. Mwalimu wa kemia ameniazima asubuhi hii, na nitairudisha. Ndani mna chengachenga za kijani inayoelekea bluu. Nikiitikisa hazimwagiki vizuri, zimeshikana mabonge, kwa sababu kila kifuniko kinapofunguliwa zinafyonza unyevu wa hewa. Kwenye lebo imeandikwa kloraidi ya shaba. Mnaifahamu. Mnaichovya kwa waya, mnaipitisha kwenye moto, moto unakuwa wa kijani, mnaandika kwenye daftari "shaba ipo", kengele inagongwa, mnaondoka.

Sasa nawauliza: je, kitu hiki kipo mahali popote duniani ambapo hakuna kiwanda wala maabara? Upo mlima unaokitengeneza wenyewe?

Upo, tena ni mlima maarufu. Ni Vesuvius, karibu na jiji la Naples kusini mwa Italia, mlima uleule uliofukia miji ya Pompeii na Herculaneum mwaka 79. Katika karne ya 19 profesa wa madini wa Naples aliyeitwa Arcangelo Scacchi alikuwa akichunguza kwa makini magamba ya chumvi yanayoota kwenye kingo za matundu ya mvuke baada ya milipuko. Humo alikuta chumvi kadhaa za shaba ambazo hakuna aliyekuwa amezieleza kabla yake. Mojawapo ni hii iliyomo chupani: shaba moja, klorini mbili, maji mawili. Wataalamu wa madini wanaiita eriokalsaiti. Pale mlimani huota kwa nyuzinyuzi laini, za rangi hii hii mnayoiona.

Lakini eriokalsaiti ina ndugu aliye adimu kuliko yeye, na huyo ndiye aliyenileta hapa. Ipe potasiamu na klorini zaidi, unapata mitsherlikaiti. Ni fuwele za kijani iliyochanganyika na bluu, laini kiasi kwamba ugumu wake unalingana na ukucha wako. Iliokotwa ndani ya kreta ya Vesuvius, kwenye vijiti vya chumvi vilivyokuwa vikining'inia huko, na ikatangazwa mwaka 1925.

Nimekuja na neno moja. Kuna maarifa ambayo dunia huyatoa nje kwa muda mfupi, kisha mvua ikayafuta. Huyapata yule aliyekuwepo, akatazama, akaandika siku ile ile. Mitsherlikaiti ni ya aina hiyo. Na katika mkoa wetu huu, nitawaonyesha, tunayo mengine ya aina hiyo.

Tuanze na swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angeniuliza. Shaba inafikaje pale juu?

Fikirini kidogo. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085. Kuchemka, yaani kugeuka gesi, inahitaji zaidi ya nyuzi joto 2,500. Hakuna volkano yenye joto hilo. Magma ya volkano nyingi iko kati ya nyuzi 700 na 1,200. Basi shaba ingepaswa kubaki chini, imezama ndani ya mwamba, isionekane kamwe. Lakini tunaikuta mdomoni mwa volkano, kwenye kingo za tundu, imeshikilia jiwe. Nani kaibeba?

Klorini ndiyo iliyoibeba. Magma inapokaribia juu, presha inapungua, na gesi zilizokuwa zimeyeyuka ndani yake zinatoka: mvuke wa maji kwa wingi, hewa ukaa, gesi za salfa, na gesi ya kloridi ya haidrojeni. Klorini hiyo ikikutana na shaba inaungana nayo, na muungano huo unaweza kuruka na gesi katika joto ambalo shaba peke yake isingethubutu kunyanyuka. Unapanda kwenye nyufa pamoja na mvuke. Ukifika juu, unakutana na hewa baridi na miamba iliyopoa. Hapo hauwezi tena kubaki gesi. Unaganda.

Mmeona jikoni kwa bibi, masizi yanavyojikusanya kwenye paa juu ya mafiga? Hakuna aliyeyapanda kuyapaka. Moshi umeyabeba, umepoa, umeyaacha. Chumvi za volkano huwekwa hivyo hivyo, na kila aina huachwa mahali ambapo joto linaifaa. Karibu na tundu, ambako ni moto sana, huganda zile zinazovumilia joto. Mbali kidogo, nyingine. Pembezoni kabisa, ambako mvuke umekwisha kuwa maji na umande unalowanisha jiwe, ndiko zinakokaa zile zenye maji ndani yake, eriokalsaiti na mitsherlikaiti zikiwemo. Kwa hiyo mtaalamu akiona mpangilio wa rangi kuzunguka tundu, nyeupe, njano, kijani, anaweza kusoma jinsi joto lilivyokuwa likishuka hatua kwa hatua.

Na kwa nini kijani? Niwaonyeshe. Katika bilauri hii nimeyeyusha kloraidi ya shaba nyingi kwenye maji machache sana. Rangi gani? Semeni kwa sauti. Kijani, tena kijani kilichoiva. Sasa naongeza maji ya bomba. Tazameni. Naongeza tena. Na tena. Sasa rangi gani?

Bluu. Sijatia kitu kingine chochote isipokuwa maji.

Kilichotokea ni hiki. Mwanzoni chembe za klorini zilikuwa zimeizingira shaba kwa karibu, na shaba iliyozingirwa na klorini hutupa macho yetu rangi ya kijani. Nilipoongeza maji, molekuli za maji zilijipenyeza zikazisukuma klorini kando, na shaba iliyozingirwa na maji ni bluu. Ndani ya fuwele ya mitsherlikaiti kila chembe ya shaba imezungukwa na klorini nne na maji mawili. Wote wawili wapo, klorini na maji, kila mmoja akivuta rangi upande wake. Ndiyo maana fuwele ile si kijani tupu wala si bluu tupu. Mkiielewa bilauri hii mmeielewa rangi ya madini yale, bila kupanda ndege kwenda Italia.

Mzazi mmoja ananitazama, najua anajiuliza: haya yote yanatusaidia nini? Ni swali la haki. Nalijibu hivi. Chini ya volkano, kilomita kadhaa ardhini, klorini inafanya kazi ile ile kwa kiwango kikubwa mno. Maji ya moto yenye chumvi yanayotoka kwenye magma hubeba shaba na kuitua ndani ya nyufa za miamba, maelfu ya miaka mfululizo. Migodi mikubwa ya shaba ya Chile, kama Chuquicamata, ilizaliwa hivyo. Na hata pale ambapo hapakuwa na volkano, klorini haikuacha kazi yake. Shaba ya Katanga na ya Zambia, ile inayopita barabara zetu kwa malori hadi bandari ya Dar es Salaam, ilibebwa na maji yenye chumvi nyingi yaliyokuwa yakipenya kwenye tabaka za zamani za mashapo. Mtu anayeelewa gamba moja la kijani mdomoni mwa volkano ameshaanza kuelewa ni kwa nini Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, upo pale ulipo. Huko ardhini hatuwezi kuona kazi ikifanyika. Mdomoni mwa volkano tunaiona kwa macho, ikifanyika leo.

Sasa niwaeleze ilivyopatikana, maana hapa ndipo penye funzo la kazi.

Mwezi Aprili mwaka 1906 Vesuvius ililipuka vibaya. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao kwa kuangukiwa na mapaa yaliyoelemewa na majivu. Kilele cha mlima kilibomoka, likabaki shimo kubwa lenye kuta wima. Kwa miaka kadhaa likawa kimya. Mwaka 1913 lava ikaanza tena kutokeza chini ya shimo, ikaendelea kulijaza kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, gesi zikitoka bila kukoma. Ndani ya shimo lile kulikuwa na kila kitu ambacho chumvi za shaba zinahitaji: joto, mvuke, klorini, na magma ya Vesuvius ambayo kwa asili ina potasiamu nyingi.

Lakini nani angeshuka humo? Kituo cha uchunguzi cha Vesuvius kilianzishwa mwaka 1841, ndicho kikongwe kuliko vyote duniani, na kilikuwa na watu wa kazi. Mmoja, Alessandro Malladra, alishuka kwenye kreta kwa kamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia akapima joto la matundu ya mvuke. Kwa kamba! Mwamba unakatika, gesi inachoma koo, na yeye ameshika kipimajoto.

Ni kutokana na mazao ya kreta hiyo, katika shughuli zake za miaka ile, Ferruccio Zambonini na kijana mwenzake Guido Carobbi walikuta chumvi ya kijani iliyogoma kufanana na zile za Scacchi. Zambonini alikuwa mtu aliyeyajua madini ya Vesuvius kuliko pengine mtu yeyote aliyekuwa hai. Walipima kilichomo: potasiamu mbili, shaba moja, klorini nne, maji mawili. Wakemia walikuwa wameshaitengeneza chumvi hiyo kwenye vyombo vyao. Hakuna aliyekuwa ameikuta imezaliwa na dunia yenyewe.

Je, mkienda leo mtakuta vile vijiti vya chumvi vinaning'inia? Mwezi Machi 1944, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, Vesuvius ililipuka tena. Lava ilibomoa mji wa San Sebastiano, majivu na mawe yakaharibu ndege kadhaa za kivita za Wamarekani zilizokuwa zimeegeshwa uwanjani, na sakafu yote ya kreta iliyokuwa imejaa tangu 1913 ikafumuliwa. Mahali pale hapapo tena. Kama wale wawili wangesema "tutaipima mwakani", au "chumvi gani hii isiyo na faida", habari yake ya mwanzo ingekwenda na mlima.

Wakaipa jina la mtu. Mtu huyo nampenda sana, na wanafunzi wa mchepuo wa lugha waliopenyeza humu ukumbini nao watampenda. Eilhard Mitscherlich alizaliwa mwaka 1794 kaskazini mwa Ujerumani, mtoto wa mchungaji. Hakutaka kuwa mkemia hata kidogo. Alitaka Uajemi. Alijifunza Kiajemi huko Heidelberg, kisha akaenda Paris mwaka 1813, kwa sababu alisikia Napoleon anataka kutuma ujumbe Uajemi, naye akatumaini kuambatana nao. Mwaka uliofuata Napoleon akaanguka. Hakuna ujumbe, hakuna safari.

Angefanya nini? Kijana yule akapiga hesabu nyingine: daktari anapokelewa kila nchi, basi nisome udaktari, nitafika Uajemi kama mganga. Akaenda Göttingen kusoma tiba. Na tiba, kama mnavyojua, haisomwi bila kemia. Huko, kwenye maabara ya profesa Friedrich Stromeyer, kemia ikamnasa. Uajemi hakuwahi kwenda.

Mwaka 1818 yuko Berlin, anafanya kazi ya kawaida kabisa: anaotesha fuwele za chumvi za fosfeti na za aseneti, anazitazama. Anagundua kwamba fuwele za fosfeti na zile za aseneti zinafanana umbo. Tulieni hapo, msilipite haraka. Wakati ule mtaalamu mkuu wa fuwele duniani, René Just Haüy wa Paris, alikuwa akifundisha kwamba kila kitu kina umbo lake la fuwele, na umbo la kimoja si la kingine. Na sasa kijana asiyekuwa hata mtaalamu wa fuwele anaona vitu viwili tofauti vimevaa umbo moja. Mngefanya nini ninyi? Mngemwamini bingwa, au macho yenu?

Yeye hakuchagua haraka. Alimwendea Gustav Rose, mdogo kwake kwa umri, akamwomba amfundishe kupima pembe za fuwele. Akapima. Akapima tena. Mwaka 1819 akatangaza: vitu tofauti, kama chembe zake zimejipanga kwa idadi na namna ile ile, vinaweza kutoa fuwele za umbo moja, na chembe moja inaweza kukalia nafasi ya nyingine. Mkemia mkubwa wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, alipopita Berlin aliona uzito wa jambo lile, akamchukua Stockholm. Baadaye Berzelius alilitumia wazo hilo kusahihisha uzito wa atomu alizokuwa amezikadiria. Jedwali la elementi lililobandikwa ukutani kwa mwalimu wenu lina jasho la kijana huyo ndani yake.

Na madini haya je, kwa nini yeye? Sikilizeni hii. Toa potasiamu kwenye mitsherlikaiti, weka amoniamu mahali pake. Fuwele inabaki na umbo lile lile. Toa, weka rubidiamu. Umbo ni lile lile. Mwaka 1927, miaka miwili baada ya madini kupewa jina, Sterling Hendricks na Roscoe Dickinson huko California walizimulika chumvi hizo tatu kwa eksirei na kuonyesha mpangilio wa chembe zake: umejengwa kwa namna moja. Jina lilimpata mwenyewe. Zaidi ya hapo, wanafizikia walipoipoza chumvi hii ya potasiamu hadi chini ya digrii moja ya Kelvin, karibu kabisa na baridi ya mwisho iwezekanayo, waliikuta inakuwa sumaku. Chumvi ya kreta, imezaliwa kwenye mvuke wa moto, inafundisha watu tabia ya sumaku kwenye baridi kali. Nani angeotea hilo mwaka 1925?

Nilisema tunayo ya kwetu. Nyote mnaujua Ol Doinyo Lengai, ambao ndugu zetu Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Uko upande wa Ziwa Natron, na kutoka hapa mtu anaondoka asubuhi akafika siku hiyo hiyo. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu. Lava yake haina joto kali kama nyingine, ni nyuzi 500 hadi 600 hivi. Ikitoka ni nyeusi na inakimbia kwa wepesi. Ndani yake mna madini yaliyopewa jina la Baba wa Taifa, nyerereaiti. Wangapi humu walikuwa wanajua hilo? Mikono juu. Naona michache.

Tazameni kinachoipata lava hiyo. Unyevu wa hewa unaigusa, na kwa saa chache nyeusi inaanza kuwa kijivu, kisha nyeupe. Mvua ikinyesha mabadiliko yanakwenda mbio zaidi. Nyerereaiti inavunjika, sodiamu inaoshwa, madini mengine yanachukua nafasi. Aliyefika wiki moja baadaye anakuta mlima mweupe, na hawezi kuiona nyerereaiti kama ilivyotoka, labda avunje vipande vinene ambavyo maji hayajafika ndani. J. B. Dawson, aliyeieleza lava hiyo mwaka 1962, alikuwepo ikiwa ingali inatoka.

Chumvi za shaba za volkano nazo ziko hivyo hivyo. Zinayeyuka kwenye maji. Mvua moja nzito inatosha. Kule Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi, volkano ya Tolbachik ilipasuka mwaka 1975 na kuendelea hadi Desemba 1976. Matundu yake yamebaki ya moto kwa miongo kadhaa, na wataalamu wa huko wamekuwa wakirudi kiangazi hadi kiangazi. Wamepata humo zaidi ya madini mapya 100 yasiyokuwa yanajulikana popote. Moja ni tolbachaiti, kloraidi ya shaba isiyo na maji, ya rangi ya kahawia. Ilielezwa mwaka 1983 na Lidiya Vergasova na Stanislav Filatov. Ukiitoa kwenye joto lake ukaiacha kwenye hewa yenye unyevu, inakunywa maji na kugeuka kijani-bluu. Imekuwa eriokalsaiti, hii ya chupani. Mkusanyaji aliyeiweka mfukoni akashuka nayo mlimani anafika kambini na madini mengine.

Duniani yanajulikana madini takriban 6,000. Mwaka 2016 Robert Hazen na Jesse Ausubel walihesabu kwamba karibu nusu ya yaliyojulikana wakati huo yameonekana mahali patano au pungufu. Wakaeleza sababu za uadimu, na mojawapo ni hii ya kutodumu: madini yanazaliwa kila mara, ila hayakai. Basi nasema kwa moyo wangu wote, uadimu wa namna hii unatokana na uhaba wa watu waliokuwa karibu. Mwamba ulifanya kazi yake. Sisi hatukuwepo.

Na nani yuko karibu na Lengai kuliko ninyi? Nani yuko karibu na Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, kuliko vijana wa Goma? Nyiragongo na Shaheru, mlima ulioshikana nayo, vimetoa madini kadhaa mapya, yakiwemo kombeaiti na kirshtainaiti, na kazi hiyo ya miaka ya 1950 iliongozwa na Thure Georg Sahama, profesa kutoka Finland. Namheshimu. Alitoka mbali, akafanya kazi nzuri. Lakini inaniuma, nawaambieni kweli, kwamba mtu alivuka bahari kuja kuona kitu ambacho mwanakijiji wa pale anakipita akienda sokoni.

Sitaki mtu aondoke hapa akimbilie mlimani kesho. Mwezi Aprili 1872 Vesuvius ilipolipuka, watazamaji waliokuwa wamepanda kuona lava usiku walikumbwa ghafla wakafa, na kati yao walikuwemo wanafunzi. Luigi Palmieri, mkuu wa kituo cha uchunguzi, alibaki jengoni mwake lava ikipita kulia na kushoto, akiendelea kusoma vyombo vyake; yeye alijua mahali alipo na kwa nini yupo. Gesi inaua bila kelele. Goma wanaijua vizuri: kwenye mabonde madogo hewa ukaa hujikusanya chini, wao wanaiita mazuku, na mtoto au mbuzi akiingia hatoki. Kwa hiyo hakuna kushuka kwenye kreta. Hakuna kwenda bila kiongozi anayeujua mlima na bila kuuliza hali ya mlima kwanza.

Kazi ya kwanza mnaweza kuifanya hapa hapa maabara, na mwalimu amekubali. Chukueni gramu 15 za kloraidi ya potasiamu na gramu 17 za kloraidi ya shaba ile yenye maji, kisha ongezeni kloraidi ya shaba kidogo juu ya hesabu hiyo, ili chumvi ya potasiamu isitangulie kuganda peke yake. Vaeni glavu na miwani, chumvi hii ni sumu. Yeyusheni kwenye maji ya moto machache, chujeni, funikeni kwa karatasi yenye matundu, wekeni mahali pasipotikiswa. Kila siku saa ile ile andikeni rangi, kimo cha maji, joto la chumba. Fuwele zikitokea, zichoreni kabla hamjazigusa. Hiyo mtakayoichora ni mitsherlikaiti kwa muundo, ingawa haiwezi kuitwa madini kwa kuwa mmeitengeneza ninyi.

Na siku mtakapokuwa mlimani pamoja na watu wa kazi, mkaona gamba la kijani kwenye ukingo wa tundu lililopoa, fanyeni kwa mpangilio huu. Piga picha kabla ya kugusa, ukiweka rula pembeni. Andika tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha jana. Pima joto la tundu kama kifaa kipo. Kwangua kidogo kwa kisu kisafi, tia kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka ndani kifuko kile cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya, funga, ziba kifuniko kwa nta au mkanda. Andika rangi uliyoiona pale pale, kwa sababu ukifika nyumbani inaweza kuwa nyingine. Kisha mpelekee mtaalamu kabla ya wiki kuisha.

Nimesikia mwalimu wa fizikia ana swali kuhusu ile sumaku. Nasi tuanze na lake, kisha wanafunzi wa mstari wa mbele. Asanteni sana kwa kunisikiliza.